Dhamana ya Asiye na Hati

Imekuwa desturi katika mji wa Baraka, hapa Kivu ya Kusini ya Kongo, na kadhalika katika Fizi, Mboko, Lweba na vijiji vyote vilivyojipanga kando ya barabara itokayo Uvira, kwamba mfanyabiashara mdogo akienda benki kuomba mkopo akarudi mikono mitupu, watu humtazama kama mgonjwa aliyetoka kwa tabibu na habari mbaya. Wasomi husema kwamba benki ina wataalamu, na wataalamu hawakosei, watumishi wa serikali husema kwamba zetu hazistahili kuitwa biashara, maana ni hangaiko la kutafuta chakula cha jioni, na lililo la kusikitisha zaidi ni kwamba mwenyewe aliyekataliwa, baada ya siku chache za ghadhabu, huanza kuyaamini maneno hayo, akakunja meza yake sokoni na kusema, "Kumbe mimi sikopesheki." Dhana hii, kwamba neno la benki ni hukumu juu ya mtu na juu ya kazi ya mikono yake, imepata nguvu kiasi cha kwamba hata wale wanaojidai kuwatetea wanyonge huianzia hoja yao humo humo: maadamu benki imewakataa, wasema, hapana budi wapewe sadaka. Mimi naipinga dhana hii kwa pande zake zote mbili, upande wa dharau na upande wa huruma, maana dharau hii na huruma hii zimezaliwa na mama mmoja.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo ambaye jina lake nalisitiri kwa heshima yake, amenunua ndakala, yaani dagaa, ufukoni Baraka kwa miaka zaidi ya kumi na mitano, akiwaanika mchangani, akiwatia magunia, akiwapeleka Misisi kwa wachimba dhahabu au Uvira kwa wachuuzi wa jumla, na katika muda wote huo, ambao ulikuwa na mitutu ya bunduki ndani yake zaidi ya mara moja, hakuna mvuvi aliyepata kwenda kwake kudai haki yake akarudi na ahadi tupu. Alitaka dola 1,500 ili akodi ghala lenye paa lisilovuja, anunue samaki wakati wa wingi, bei inapoanguka, na kuwauza wakati wa uchache. Nilifuatana naye mpaka benki moja ya mji mkubwa, safari iliyotuchukua siku mbili kwa sababu ya matope. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu njema, akatupa viti, akauliza habari za njiani, kisha akafungua faili.

"Mama, karatasi za parseli yako ziko wapi?"

"Mwanangu, parseli niliachiwa na baba mkwe wangu, na yeye alipewa na chifu. Majirani wote wanajua mipaka yake."

"Majirani hawaingii katika faili, mama."

Hapo mama akafungua pindo la kitenge chake akatoa daftari la shule, lile la kurasa arobaini na nane ambalo watoto huandikia hesabu, na ndani yake mlikuwa na majina ya wavuvi, idadi ya magunia, siku za kulipa, na alama ya msalaba mbele ya kila deni lililokwisha. Kijana akalitazama jalada, akalirudisha kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, wala hakulifungua. Baada ya majuma mawili ilikuja simu kusema kwamba ombi halikukubaliwa.

Simlaumu kijana yule, kwa kuwa alitumwa kutafuta hati, na hati hakuiona. Lakini yafaa tuulize hati hiyo imekwenda wapi, maana katika jawabu lake mna kisa kirefu kuliko maisha ya mama yule ya biashara. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliitangaza ardhi yote ya nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati ule, kuwa ni mali ya Dola. Ikaahidi, katika kifungu chake cha 389, kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanayoikalia kwa mila zitapangwa kwa amri ya Rais. Na nusu karne ikapita, utawala mmoja ukaondoka mwingine ukaingia, wala amri hiyo haikutolewa. Basi mtu wa Mutambala au wa Ngandja aliyezaliwa juu ya shamba alilozaliwa babu yake, analilima, anawazika humo wafu wake, na jirani hathubutu kuvuka mpaka wake hata kwa kuku, mbele ya faili la benki ni kama mpita njia aliyejipumzisha chini ya mwembe wa watu. Dola iliahidi karatasi, haikuitoa. Benki inadai karatasi ile ile. Na asiyekuwa nayo ndiye anayeambiwa kuwa hana dhamana. Ikiwa hapa pana mdaiwa aliyevunja ahadi, insafu yataka tumtaje, naye si muuza ndakala.

Kuna jambo la pili ambalo faili haliwezi kuliona, nalo ni kalenda. Ndakala ni samaki wa giza. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika huondoka jua linapotua, huwasha taa zake juu ya maji, zile za karabai hapo zamani na za sola siku hizi, na samaki huifuata nuru wakakusanyika juu ya wavu. Lakini mwezi unapopevuka taa hiyo haina kazi, kwa kuwa ziwa zima limekwisha kuwashwa kutoka mbinguni na samaki hawana sababu ya kujikusanya mahali pamoja. Ndipo wavuvi huvuta mitumbwi mchangani, hushona nyavu, hunywa chai hadi adhuhuri, na soko la ndakala hulala kwa siku kadhaa mpaka mbalamwezi ipungue. Huu ndio mpigo wa moyo wa uchumi wa Baraka, naye muuza vitenge, muuza mawese, kinyozi na mwenye kibanda cha kuchaji simu wote huupokea mpigo huo, kwa sababu fedha inayopita mikononi mwao imetoka majini kwanza. Tarehe za benki hufuata jua. Fedha za Baraka hufuata mwezi. Mkopo unaotaka kulipwa tarehe 30 ya kila mwezi, bila kujali kwamba tarehe hiyo mara huangukia gizani na mara huangukia mbalamwezini, umemwekea mkopaji mtego ambao hata mwaminifu wa waaminifu atanaswa siku moja, kisha jina lake litaandikwa katika orodha ya wachelewaji na watu watatikisa vichwa wakisema kwamba Wabembe, wenyeji wa Fizi, hawajui deni.

Ongeza juu ya hayo mambo yaliyo mapya. Nchi zinazolizunguka ziwa zimeona kwamba samaki wanapungua, zikaanza mpango wa kulipumzisha. Tanzania ilisimamisha uvuvi katika sehemu yake tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, na mimi ni katika wale wanaoona kuwa mpango huo una hekima. Lakini ziwa likipumzishwa miezi mitatu, riba haipumziki. Ongeza tena kwamba mkopo aghalabu hutolewa kwa dola ilhali mama huuza fungu la samaki kwa franka, na kila franka inapoporomoka deni hukua usiku yeye akiwa amelala. Na kwamba Benki Kuu yenyewe, katika kupigana na mporomoko huo, mwezi wa Agosti 2023 ilikipandisha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 11 hadi asilimia 25, na benki za kawaida hazikopeshi kwa rehema. Mkopo wa namna hii, hata ungekubaliwa, yamkini ungemfilisi aliyepewa. Na nimewahi kufikiri, kwa siri, kwamba baadhi ya waliokataliwa waliokolewa.

Atanikatiza mtu hapa aseme: fedha ya benki ni amana ya watu, na mlinzi wa amana hana budi kuwa mgumu. Nakubali. Benki ina haki ya kukataa kama mwenye duka alivyo na haki ya kufunga duka lake saa kumi. Ila kukataa kwake kunatupa habari juu ya benki, juu ya kanuni zake, umbali wake na woga wake; na sisi ndio tulioigeuza habari hiyo kuwa ushahidi juu ya mtu.

Wala dhana yenyewe haikuletwa na wataalamu wa leo. Ng'ambo ya ziwa, Waingereza walioitawala Tanganyika walitunga mwaka 1923 sheria ya kuzuia wenyeji kukopeshwa, ambayo kwayo mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya ofisa hakuweza kulidai deni lake mahakamani. Walisema ni kinga, ili mwenyeji asihadaiwe. Matokeo yake yalikuwa kwamba Mwafrika mwenye duka alilazimika kununua kwa fedha taslimu mahali ambapo mshindani wake mgeni alinunua kwa ahadi, na ajuaye biashara ajua tofauti iliyoko kati ya wawili hao. Sheria ile ilikwisha, lakini nasaba yake haikukatika: fikira kwamba mtu wetu, akishika fedha ya mwingine, lazima ataila, tumeirithi pamoja na majengo ya posta.

Na kabla ya sheria ile, je, mambo yalikuwaje katika maji haya? Richard Burton na John Speke walipopita mwaka 1858 wakielekea Uvira (nayo ghuba ya Baraka ikaja kupewa jina la huyo Burton katika ramani za Wazungu), hapakuwa na benki Uvira wala Ujiji, lakini nguo na shanga zilizotoka Zanzibar zilikuwa zimekwisha kufika, na nyingi zilifika kwa mali kauli. Watu wa pwani waliita hivyo bidhaa iliyotolewa kwa neno la mdomo, mwenyewe akangoja malipo hadi mchukuzi wake arudi kutoka bara, miezi au miaka. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, alimkopesha bidhaa Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, kwa safari za bara zilizodumu miaka. Sitaji jambo hili kwa fahari, maana madeni ya namna hiyo yalilipwa kwa pembe na kwa binadamu, na watu wa magharibi ya ziwa walikuwa katika malipo hayo. Nalitaja kwa sababu moja: kwamba karadha kubwa isiyo na hati imepata kuvuka ziwa hili, ikabebwa na itibari ya mtu kwa mtu, na itibari hiyo, kama kisu, ilifanya kazi ya mkono ulioishika. Hata leo, mwenye duka wa Baraka huchukua katoni za sabuni na mifuko ya sukari kwa tajiri wa Uvira, akapakia mashua, na tajiri yule hushika jina lake tu. Akilipa mara tatu bila udhia, mara ya nne hupewa zaidi. Muamala huu hauna jina katika takwimu za serikali, wala hapana duka la Baraka linaloweza kuishi bila huo.

Sasa niigeuze hoja, maana imetazamwa upande mmoja kwa muda mrefu mno. Wanatuuliza kama mtu wa Fizi anaaminika mbele ya benki. Yafaa nasi tuulize kama benki, na fedha inayohifadhiwa humo, imeaminika mbele ya mtu wa Fizi. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ilibatilisha noti za zaire 5 na zaire 10, ikawapa watu siku chache na kiwango maalumu cha kubadilisha, na wakulima walioishi mbali na mji walibaki na mabunda ya karatasi yasiyowasha hata moto vizuri. Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa kila zaire milioni 3 za zamani. Mzee aliyejiwekea milioni kwa ajili ya mahari ya mwanawe alikuta hana hata zaire nzima. Na juzi tu, Januari 2025 Goma ilipotekwa na waasi wa M23, na Februari Bukavu ikafuata, milango ya benki ilifungwa, na wenye akiba zao humo walizunguka mitaani wakiwa matajiri wa kwenye karatasi wasio na nauli. Sisemi kwamba benki ndizo zilizoleta vita. Nasema kwamba katika nchi iliyopitia hayo, anayemdai muuza ndakala ithibati ya uaminifu angeanza kwa sauti ya chini kidogo.

Tazameni pia mji wenyewe wa Baraka, ambao ni hoja iliyojengwa kwa matofali. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliuhamisha karibu wote. Watu walivuka ziwa wakaishi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Lugufu, katika mkoa wa Kigoma, wengine kwa miaka tisa na zaidi. Mwaka 2005 meli za Umoja wa Mataifa zilipoanza kuwarudisha, walishuka ufukoni na godoro, sufuria na mabati machache, na hapana benki iliyowangojea na fomu za mkopo. Walakini nyumba zilisimama, soko likajaa, mashua zikaongezeka. Mtaji huo ulitoka wapi? Ulitoka kwa shemeji aliyebaki Kigoma akatuma marobota mawili ya mitumba, kwa mwenye mtumbwi aliyempa mwenziwe wavu kwa sharti la kugawana mavuno, kwa wanawake kumi na wawili waliokutana kila Alhamisi chini ya mwembe, kila mmoja na franka zake, na siku ile ile zote zikachukuliwa na mmoja. Hii ndiyo likelemba, mchezo kama wauitavyo wengine, na wasomi wetu waliokula ada za shule zilizolipwa kwa likelemba leo ndio wanaotuambia kwamba pasipo benki hapana biashara.

Likelemba ina upungufu wake: haitoi riba, haiweki akiba, na anayepokea wa kwanza ana bahati kuliko anayepokea wa mwisho. Lakini Kivu ya Kusini imejifunza kuikuza. Katika vikundi viitwavyo MUSO, ambavyo ni vyama vya kusaidiana, fedha huwekwa katika masanduku matatu, kila moja na rangi yake. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo ya kazi. Sanduku jekundu ni la misiba na maradhi. Sanduku la bluu hupokea fedha kutoka nje ya kikundi, na aghalabu halifunguliwi mpaka yale mawili ya kwanza yamekwisha kuonyesha nidhamu. Nataka msomaji atulie kidogo juu ya sanduku jekundu, kwa kuwa kuna elimu humo ambayo sijaiona katika faili lolote la benki. Mikopo ya biashara ndogo katika Fizi, kwa niliyoyaona, haifi sokoni. Hufia hospitalini na matangani. Mama amekopa kununua mawese, mtoto akashikwa na malaria kali, na mtaji ukaingia katika damu na dawa. Au mjomba amefariki Kazimia, na nani atakayesema kwamba hendi kuzika kwa sababu ana deni? Benki huiita hali hiyo kushindwa kulipa. Kikundi, kikijua kwamba maradhi na mauti vina zamu kwa kila mmoja, kimevitengea fedha mbali na mtaji, ili msiba usile biashara. Na fedha hiyo nyekundu, ambayo hairudishwi au hurudishwa bila riba, ndiyo inayoilinda fedha ya kijani. Aliyebuni jambo hili aliyafahamu maisha ya maskini.

Na tazama jinsi wanavyomhukumu mchelewaji. Wanakikundi wakikaa, hawaulizi tu kwamba fedha iko wapi. Huuliza imepotelea wapi, na jawabu wanalijua hata kabla hajafungua kinywa. Wanajua kama mashua ilizama karibu na rasi ya Ubwari au haikuzama. Wanajua kama magunia yalitozwa katika vizuizi vinne vya njia ya Misisi, na kila kizuizi kilichukua nini. Wanajua pia kama amenunua kitenge kipya kwa arusi ya mpwawe, na hapo ulimi wa kikundi huwa mkali kuliko barua ya wakili. Aliyepatwa na ajali huongezewa muda; aliyefanya ghururi hukatwa. Hiyo ndiyo elimu ya kukopesha, tangu dunia iwepo: kumpambanua asiyeweza na asiyetaka.

Sitaki nionekane kama muuza dawa asemaye kwamba dawa yake haina uchungu. Vikundi huvunjika. Mtunza hazina aliyebeba sanduku usiku akaelekea machimboni si hadithi ya kubuniwa. Na vikundi vilivyoundwa kwa haraka na mashirika ya misaada, ili vihesabiwe katika ripoti, aghalabu hufa siku gari la shirika linapoondoka. Kuna pia vikundi ambapo mke wa mkubwa fulani hukopa wala hakuna anayethubutu kumdai. Dawa za maradhi haya zinajulikana na ni za bei nafuu: kufuli tatu na funguo zikae kwa watu watatu wasio ndugu, hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wote hata kwa wale wasiojua kusoma, na mwenye cheo asikopeshwe zaidi ya akiba yake. Benki nazo zimepata kuibiwa na wakurugenzi wao, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba wanadamu waache kuweka benki.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ile ya ukubwa. Kikundi cha watu ishirini na watano, wasema, hakiwezi kununua mashua ya injini wala mashine ya kukamua mawese. Ni kweli, na hapo ndipo benki ilipo na kazi. Huko Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya wa vijiji vya wakulima fukara walionyonywa na wala riba, alijaribu kwanza kuwasaidia kwa sadaka za matajiri, akaona kwamba sadaka huisha. Mwaka 1864, katika Heddesdorf, akaanzisha shirika la akiba na mikopo ambalo wanakijiji walidhaminiana wao kwa wao, kila mmoja akijifunga kwa deni la wote. Aliyekuwa nje akakikopesha chama, na chama kikamkopesha mtu kwa kuwa kinamjua. Wakulima wale hawakuwa waaminifu kuliko watu wa Lulenge. Walikuwa na mtu aliyekubali kwamba ujirani ni dhamana. Sanduku la bluu ni mlango ule ule, na limekaa hapo, tupu mara nyingi, likimngoja mwenye benki aliye tayari kusoma daftari la shule.

Kuna na njia nyingine, ya shirika, ambayo wanafikihi huiita mudharaba: mmoja atoe mali, wa pili atoe kazi, faida wagawane kwa mafungu waliyokubaliana, na hasara isiyotokana na uzembe imwangukie mwenye mali. Wavuvi wetu, Waislamu na Wakristo, huishi kwa jambo lililo karibu na hilo kila usiku, mwenye chombo akichukua fungu lake na mabaharia lao baada ya gharama kutolewa. Kwa nini lisivuke kutoka mtumbwini hadi ghalani? Wenye dhahabu ya Misisi, ambao hununua nyumba Bujumbura na Kigoma, wana mali iliyolala, na muuza samaki ana kazi inayokosa mali.

Juu ya wale wataka-sadaka sina maneno mengi, kwa sababu nchi yetu ilikwisha kulifanya jaribio lao kwa ukubwa ambao hawawezi kuuota. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatwaliwa na kupewa Wazaire; waliopewa walipata mtaji kamili bila mdai wa kweli, bila mashahidi na bila hesabu, na wengi waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni, wakafunga milango, mpaka serikali ikalazimika kuwaita baadhi ya wenyewe warudi. Mtaji usiodaiwa na mtu haumfundishi mtu.

Na juu ya wale wanaokopesha mitaani, ambao Wakongo kwa kejeli wamewapa jina la benki halisi ya Brussels wakawaita Banque Lambert, nina machache zaidi: hao wanaochukua nusu ya deni kuwa riba ya mwezi mmoja, na simu au godoro kuwa rehani, ni jamaa wa wale wafanya biashara wa zamani waliolipwa kwa binadamu. Kila aliyekataliwa na benki akakimbilia huko kwa kukata tamaa, sehemu ya dhambi yake iko juu ya wote tuliomwambia kwamba hana pengine pa kwenda.

Basi nawaomba wenye benki wa Uvira na Bukavu, amani itakaporejea barabarani na milango yao itakapofunguka vyema, wamtume kijana wao mwenye adabu akae Baraka mwezi mmoja mzima, kuanzia giza hadi mbalamwezi, aketi katika mkutano wa Alhamisi, asikilize hesabu zikisomwa, kisha aandike ripoti yake. Nawaomba na wasomi wetu waache kulitangaza neno la benki kama wahubiri. Mama niliyemtaja alikopa dola 300 katika sanduku la kijani la kikundi chake kwa muda wa miezi minne, siku za kulipa zikapangwa kufuata giza la mwezi. Ghala amelikodi pamoja na wenzake wawili, deni amelimaliza, na daftari analoandikia sasa ni la tatu. Hati ya parseli bado hajaipata.